Je, Umbopa Alikuwa Mwongo?

Nilipokuwa darasa la tano, shule ya msingi huko Kibakwe, mwaka 2000 kama hesabu zangu ziko sawa, tulikuwa na kitabu kimoja cha hadithi kwa watoto sitini na kitu. Na hicho kimoja kilikuwa cha mwalimu, si cha shule. Jalada lilishatoka zamani, akalibadilisha kwa karatasi ya mfuko wa saruji na kulishona kwa uzi wa gunia. Kurasa za mwanzo hazikuwepo. Kwa hiyo kwa miaka mingi sikujua kwamba kitabu kile kinaitwa Mashimo ya Mfalme Sulemani. Sisi tulikiita "kile cha Umbopa", basi.

Mwalimu alitusomea Ijumaa, kipindi cha mwisho, tukishamaliza kufagia. Alisoma amesimama dirishani kwa sababu umeme haukuwepo na mwanga wa jioni ulikuwa unaingia upande ule. Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma barua ya nyumbani. Hakuigiza, hakupiga kelele kwenye vita. Tulimsikiliza mpaka tukasahau njaa, na watoto wa Kibakwe wa wakati ule kusahau njaa saa tisa alasiri si jambo dogo.

Mnaokijua kitabu mtakumbuka. Wazungu watatu wanatoka Durban kwenda kumtafuta mtu aliyepotea, na njia hiyo hiyo inaelekea kwenye almasi. Kabla hawajaondoka anakuja mtu mrefu, anaitwa Umbopa, anaomba awe mtumishi wao, na mshahara hataki. Anabeba mizigo, anavuka nao jangwa, anapanda nao milima, anakaribia kufa nao kwa kiu. Halafu wakishafika nchi ya Wakukuana, siku moja anavua nguo ya kiunoni na kuonyesha mchoro wa nyoka uliomzunguka kiuno, mkia umeingia mdomoni. Ndiyo alama ya mfalme. Jina lake la kweli ni Ignosi, baba yake aliuawa, na aliyekalia kiti, Twala, si mwenye haki nacho.

Darasa zima lilipiga makofi. Mimi nilisimama juu ya dawati, nikaambiwa nishuke.

Mwalimu akauliza: "Sasa niambieni. Safari yote hii Umbopa alijua yeye ni nani, na hakusema. Je, Umbopa alikuwa mwongo?"

Tukabishana. Wavulana wengi tulisema hapana, ni mfalme bwana, mfalme anaweza kufanya anavyotaka. Msichana mmoja wa dawati la mbele, mkimya sana, alisema hakudanganya, alinyamaza tu. Mwalimu akamuuliza, "Na jina je? Aliposema naitwa Umbopa?" Yule msichana akafikiri, akajibu kwamba kama watu wote wanakuita hivyo na wewe unaitika, basi ni jina lako.

Mwalimu alimtazama muda mrefu kidogo. Kisha akafunga kitabu, ingawa kengele ilikuwa bado, akatuambia twende nyumbani.

Nimeikumbuka Ijumaa ile kwa miaka zaidi ya ishirini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo niliikumbuka vibaya. Nilidhani alichoka.

*

Niruke mpaka Aprili 2017. Nilikuwa Dodoma mjini, ripota wa chombo kimoja cha habari, bado kijana wa kutumwa popote. Tarehe 28 mwezi huo Rais Magufuli alipokea Chuo Kikuu cha Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Akaagiza waondoke kazini, na majina yatangazwe. Mnakumbuka hali ya nchi wakati ule: kila wiki kulikuwa na mtu wa kutumbuliwa, na sisi waandishi tulikuwa na kamusi nzima ya vitenzi vya kutumbua. Mbali na wale wa kughushi, lilikuwepo kundi lingine ambalo halikuandikwa sana: vyeti halali kabisa, ila cheti kimoja kinatumiwa na watu wawili au zaidi. Majina mamoja, namba ya mtihani moja, mishahara miwili.

Mhariri alinipa kazi ya kuchambua majina ya mkoa wetu. Nilikaa na karatasi usiku kucha na soda na chapati, nikihesabu kwa halmashauri. Nilipofika Mpwapwa nilipunguza mwendo, kama unavyofanya ukipita mtaa wa kwenu. Na katika kundi lile dogo, la cheti kimoja watu wawili, nikakuta jina la mwalimu wangu.

Nilisoma tena. Nikasema labda ni majina yamefanana. Lakini majina matatu hayafanani yote na kituo cha kazi pia.

Niliandika stori ile. Ilikuwa nzuri kwa vipimo vya chumba cha habari: ina takwimu, ina hasira, ina mzazi mmoja niliyempigia simu aliyesema watoto wetu wamefundishwa na matapeli. Mzazi huyo sikumtafuta Kibakwe, nilimtafuta wilaya nyingine. Na mwishoni, pale juu ambapo jina langu lilitakiwa kukaa, nilimwambia mhariri aweke "Na Mwandishi Wetu".

Watu wasiofanya kazi hii hawajui jinsi "Mwandishi Wetu" alivyo mtu wa maana. Hana umri, hachoki, yuko mikoa yote, hashitakiwi. Nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, stori zangu tatu za kwanza zilitoka kwa jina la mtu mwingine aliyekuwa ameajiriwa, nikalia chooni. Miaka michache baadaye nilikuwa ninajificha mwenyewe.

*

Nilipoanza kuandika insha hii nilitaka iwe juu ya vitabu tu. Nilitaka kusema kitu juu ya watu wenye majina ya bandia katika hadithi za kusisimua, zile tulizokulia, na nilikuwa nimeshapanga mifano. Acha nitoe hiyo mifano, kwa sababu bado naiamini, halafu tutarudi Kibakwe.

Hadithi za safari na hatari haziwezi kuishi bila mtu anayejifanya mwingine. Kwenye Kisiwa chenye Hazina, mpishi wa meli, mcheshi, mguu mmoja, kasuku begani, ndiye nahodha wa maharamia, na mtoto Jim anaujua ukweli akiwa amejificha ndani ya pipa la matofaa. Kwenye Alfu Lela Ulela, Harun Rashid anazunguka Baghdad usiku amevaa kama mfanyabiashara, Jaafar na Masrur wakimfuata. Odisea anarudi kwake baada ya miaka ishirini kama ombaomba, na mlezi wake mzee anamtambua kwa kovu alipokuwa anamwosha miguu. Kwetu huku wapo wapelelezi. Nikifika sekondari nilimeza Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, kisha vitabu vya Ben Mtobwa vyote nilivyoweza kuazima, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja kama Willy Gamba au Joram Kiango ni waongo. Kujifanya mtu mwingine ndiyo kazi yao. Wanadanganya kwa niaba yetu.

Ukiviweka vitabu hivi pamoja unaona utaratibu fulani, na kwa kweli utaratibu huu haunipendezi. Anayejishusha anasamehewa. Khalifa akijifanya mfanyabiashara, tunacheka. Mfalme akibeba mizigo, tunapiga makofi, tunasimama juu ya madawati. Uongo wake ni aina ya unyenyekevu, na mwisho wake umeshaandikwa: nguo itavuliwa, nyoka ataonekana, kila mtu atakaa mahali pake pa kuzaliwa. Lakini anayejipandisha, huyo hana msamaha. Angalia Hesabu ya Monte Cristo ya Dumas, ile riwaya iliyotoka kwa vipande gazetini kati ya 1844 na 1846. Fernand Mondego ni mvuvi. Anakuwa Hesabu wa Morcerf, ana nyumba Paris, ana kiti Bungeni. Kwa kweli amesaliti watu ili afike pale, simtetei. Ila shangwe ya msomaji siku anapoumbuliwa mbele ya wakubwa wenzake haitokani na usaliti peke yake. Inatokana pia na neno "mvuvi". Na Dantès anayemuumbua yeye mwenyewe ni baharia aliyejiita Hesabu, na kasisi, na lodi wa Kiingereza, na Sinbad. Kwa nini yeye tunampenda? Kwa sababu alidhulumiwa kwanza, na kwa sababu ana hazina. Mwenye hazina haulizwi cheti.

Kuna uongo mwingine ndani ya Mashimo ambao darasani kwetu hakuna aliyeuona. Wale wazungu watatu wakikutana na Wakukuana wanasema wametoka kwenye nyota. Mmoja wao, Good, ana meno ya bandia anayoyatoa na kuyarudisha, kioo jicho moja, ndevu zimenyolewa nusu ya uso, na wenyeji wanaambiwa huo ndio muujiza. Baadaye wanatumia kupatwa kunakotabiriwa kwenye kalenda yao kuonyesha kwamba wanaweza kuzima mwanga wa angani. Haggard mwenyewe alipata taabu hapo: toleo la kwanza la 1885 lilikuwa na kupatwa kwa jua, matoleo ya baadaye akaweka mwezi. Huu ni uongo wa kujipandisha kupita wote, kutoka Durban hadi mbinguni. Na Umbopa yupo pale pale, amesafiri nao tangu mwanzo, anajua fika hawajatoka kwenye nyota yoyote, na ananyamaza. Kitabu kinaita jambo hilo akili. Kitabu hicho ndicho kilichotafsiriwa kwa Kiswahili na kutolewa mwaka 1929, kwa mkono wa Frederick Johnson, yule wa kamusi, kikasomwa shuleni na babu zetu na wazazi wetu. Walijifunza nini humo kuhusu nani anaruhusiwa kudanganya? Nawaachia nyinyi.

Halafu yupo huyu wa kwetu kabisa, aliyepita kwa miguu wilayani kwetu. Mei 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulifika Mpwapwa ukitokea Bagamoyo, ukielekea kumtafuta Livingstone. Alimwacha hapo mwenzake mgonjwa, Farquhar, baharia wa Scotland, akafia hapo hapo. Tulifundishwa habari za Stanley kwenye historia, tukakariri mwaka na tukakariri Ujiji. Hatukufundishwa kwamba hakuwa Stanley. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, jina lake John Rowlands, mtoto wa nje ya ndoa, akalelewa kwenye nyumba ya maskini ya St Asaph. Akakimbilia New Orleans, akajipa jina la mfanyabiashara tajiri wa kule, akasema amelelewa naye kama mwana. Mwandishi wa maisha yake, Tim Jeal, katika kitabu cha mwaka 2007, anaonyesha kwamba hata hadithi ya kulelewa huenda ni ya kutunga. Alijitambulisha kama Mmarekani. Hata ile salamu yake maarufu kwa Livingstone ina mashaka, maana kurasa za siku ile kwenye shajara yake zimechanwa. Alipopata umaarufu watu wa Wales wakaanza kusema huyu tunamjua, akakana. Kitabu chake cha maisha yake kilichokubali asili yake kilitoka 1909, miaka mitano baada ya kufa.

Na alikuwa mwandishi wa habari, gazeti la New York Herald. Ndugu yangu wa kazi.

Mtoto wa nyumba ya maskini alijipandisha kwa jina la kuazima, akawa Sir, akawa mbunge. Hakurudishiwa wala kunyang'anywa chochote.

*

Nilikwenda Kibakwe mwaka 2021, miaka minne baada ya ile stori. Sina sababu nzuri ya kuchelewa. Nilikuwa nikienda nyumbani kwa misiba na kurudi siku hiyo hiyo, na nikimwona mtu wa umri wake kwa mbali nageuza njia.

Basi linatoka Mpwapwa, linashuka Gulwe, linavuka reli ya kati, halafu vumbi na mibuyu na milima ya upande wa kusini inayoonekana karibu kuliko ilivyo. Ilikuwa mwezi wa sita, alizeti zimevunwa, karanga zimeanikwa kwenye maturubai kila uani. Nilimkuta amekaa chini ya mti mbele ya duka la mtu, na meza ndogo, kalamu mbili, pedi ya wino, na foleni ya watu wanne. Ndiyo kazi yake sasa. Anawajazia watu fomu: za bima, za mikopo ya vikundi, za watoto wanaokwenda sekondari, za malalamiko ya mipaka ya mashamba. Mia tano, wakati mwingine elfu moja, wakati mwingine bamia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Mwandishi Wetu!" akasema, na akacheka mpaka yule mama aliyekuwa anajaziwa fomu akageuka.

Nilidhani anatania tu kwa sababu ya kazi yangu. Tukaenda kwake, mkewe akatuandalia ugali wa uwele na mlenda, tukala. Baada ya kunawa akaingia ndani akarudi na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne. Stori yangu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamuuliza alijuaje.

"Aya ya tatu inaanza na 'hali kadhalika'," akasema. "Nani mwingine gazetini anaanza aya na 'hali kadhalika'? Nilikufundisha mimi. Nikikufundisha pia usiirudie, na kwenye aya ya sita umeirudia."

Kisha akanisimulia, na mimi nasimulia kwa ufupi kwa sababu mengine si yangu kuyasema.

Alimaliza darasa la saba miaka ya themanini, akafeli. Au tuseme hakuchaguliwa, maana wakati ule nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno na shule nzima inaweza isitoe hata mtoto mmoja. Waliozaliwa miaka hiyo wanajua dawa yake: unahamia kijiji kingine, unapewa jina la mtoto aliyeacha shule, unarudia darasa la saba kwa jina lile. Walimu walijua, wazazi walijua, mwenyekiti wa kijiji alijua. Nchi hii ina maprofesa wanaoitwa majina ya watoro. Yeye hakupata hata hiyo nafasi. Alichunga mbuzi, akasoma vitabu vya binamu yake aliyechaguliwa, kila likizo akimwomba madaftari na kuyanakili. Binamu akamaliza kidato cha nne, akafaulu, na hakutaka kusoma tena. Alitaka kwenda kuchimba madini. Akamwambia: cheti hiki hapa, mimi sina kazi nacho, kitumie. Baba zao walikaa, wakakubaliana, mbuzi wawili wakahama zizi. Kijana akaingia chuo cha ualimu kwa jina la binamu yake, na akatoka huko wa kwanza kwenye somo la Kiswahili.

"Cheti cha ualimu ni changu," aliniambia. "Mtihani ule nilikaa mimi. Ila jina lililoandikwa siyo mimi."

Miaka mingi ikapita. Binamu migodi ikamchosha, akarudi, akaomba kazi ya ukarani katika mkoa mwingine, akaeleza cheti kimepotea, akathibitishiwa matokeo yake, akaajiriwa. Hakusema kwa mtu. Watu wawili wa ukoo mmoja wakawa wanalipwa kwa jina moja, kila mmoja akijua, hakuna aliyethubutu kumpigia mwenzake. Mpaka kompyuta ilipowaweka mstari mmoja.

Mishahara yote miwili ilisimama mpaka mwenye jina ajulikane. Waliitwa. Nilimuuliza kama alifikiria kupigania, kusema yeye ndiye.

"Ningeweza," akasema. "Nilikuwa na cheti halisi, yeye alikuwa na karatasi. Nina miaka zaidi ya ishirini kazini, yeye ana tisa. Picha hakuna kwenye vyeti vile vya zamani. Nililala siku tatu nikiwaza. Lakini ningesemaje mbele ya shangazi yangu kwamba mwanawe si mwanawe?"

Akakiri. Binamu akarudishiwa kazi. Yeye akakabidhi nyumba ya shule ndani ya wiki.

Sitaki kumfanya malaika. Nilimwambia, kwa heshima niliyoweza kuikusanya, kwamba yupo kijana mwingine ambaye hakuingia chuo mwaka ule kwa sababu kiti kilikaliwa na asiyefaulu. Akanyamaza. Akasema huyo amemfikiria sana, kuliko mimi nilivyomfikiria. Akasema kila Ijumaa alipokuwa anatusomea alijihisi anamlipa huyo mtu deni asilojua anadai. Sijui kama deni la namna hiyo linalipika. Najua alitufundisha. Katika darasa letu la sitini na kitu, yule msichana wa dawati la mbele ni muuguzi, na mimi ninakula kwa kalamu.

Kilichonishangaza zaidi ni mambo madogo. Wanawe wanne wana jina la ukoo la binamu: kwenye vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya shule. Wakati wa kusajili laini za simu kwa alama za vidole, ule mwezi wa Januari 2020 ambapo nchi nzima ilikuwa foleni ya kitambulisho, ilibidi aamue. Kidole hakiwezi kuwa na majina mawili. Akajiandikisha kwa jina alilopewa na baba yake, ambalo mkewe hakuwahi kulitumia hata siku moja. Mkewe bado anamwita kwa lile la zamani. Nilimsikia akiita kutoka jikoni, na Mwalimu akaitika haraka, bila kufikiri.

Nikakumbuka yule msichana wa dawati la mbele na jibu lake. Nikamuuliza Mwalimu kama anaikumbuka Ijumaa ile, na kwa nini alifunga kitabu kabla ya kengele.

"Nilikuwa nataka kumkumbatia yule mtoto," akasema. "Na nilikuwa naogopa kwamba nikikaa dakika tano zaidi nitawaambia."

Kitabu anacho bado. Kimepungua, sasa kinaanzia ukurasa wa thelathini na kitu, lakini nyoka yumo. Tulikisoma pale uani, akasoma yeye, amesimama, ingawa hakukuwa na dirisha. Alipofika pale Infadoos anapokagua mchoro kiunoni na kupiga magoti, alisimama akasema jambo ambalo limenikaa: kwamba kitu anachomwonea Umbopa wivu siyo ufalme, ni ule mchoro. Kuwa na kitu mwilini, akasema, ambacho ukikionyesha wote wananyamaza.

Niliporudi Dodoma nilimwambia mhariri wangu, tofauti na yule wa 2017, kwamba nataka kuandika upya juu ya watu wale. Akasema stori imeshapoa. Alikuwa sahihi, kwa gazeti. Ndiyo maana naandika hapa.

Ilipofika 2022 serikali ikatangaza kwamba walioondolewa kwa ajili ya vyeti watarudishiwa michango waliyokatwa kwenye mishahara kwa ajili ya mifuko ya hifadhi. Mwalimu alinipigia simu siku hiyo hiyo. Alikuwa na furaha lakini alikuwa na swali, na alitaka nimsaidie kwa sababu mimi ndiye niliye mjini: michango ilikatwa kwa jina la binamu, kitambulisho cha sasa ni cha jina lake, na binamu mwenyewe yupo kazini, anachangia kwa jina lile lile. Hela itatoka kwa jina la nani?

Nimeshakwenda kuuliza mara tatu. Dirisha la kwanza waliniambia aje mwenyewe. Alikuja, kwa nauli ya kuazima, wakamwambia alete barua ya mwajiri wa zamani. Barua ikaja na jina la zamani. Dirisha la pili wakauliza huyu na huyu ni nani kwa nani. Mara ya mwisho kijana mmoja mstaarabu sana, wa umri wangu, aliangalia karatasi zote, akaangalia kitambulisho, akamwangalia Mwalimu, akasema: "Mzee, naomba uniambie tu ukweli. Wewe ni yupi?"

Mwalimu akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshika faili. Kijana akasubiri, kalamu iko juu ya fomu, kwenye ule mstari wa kwanza.